Mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto: shajara ya mchango wetu, toka kikao cha kwanza

Naandika humu kama katibu wa kamati. Kijiji chetu kiko juu milimani mkoa wa Njombe, hospitali ni ya misheni, wodi ya watoto ina vitanda kumi na nne. Watu wa vijiji viwili jirani wameniuliza tulifanyaje na wao wanataka kuanza, nikaona badala ya kuhadithia kila mtu kwa simu niweke kila kitu hapa, pamoja na hela tulizopoteza kijinga. Kazini kwangu mimi ni wakala wa miamala na natengeneza simu, sio daktari, kwahiyo mambo ya kitabibu ntaandika kama nilivyoelezwa na matroni na fundi wa vifaa tiba. Nimekosea pahala? Nirekebishe.

11 Februari 2024, Jumapili

Kikao cha kwanza, baada ya ibada. Mganga mfawidhi alitueleza hali kwa mahesabu. Wodi inategemea mtungi wa oksijeni. Ule mtungi mkubwa ukijaa una kama lita 6,800, mtoto mmoja akitumia lita 2 kwa dakika unamfikisha saa 56, siku mbili na kidogo. Wakiwa watoto watatu kwa pamoja, na wakati wa baridi wanakuwa watatu kweli, haufiki hata saa 19. Kuujaza ni mpaka gari iende mjini irudi. Mvua zikikata barabara ndo basi tena.

Mashine yenyewe inavuta hewa ya kawaida, inachuja naitrojeni, inatoa oksijeni. Haijazwi kitu, inataka umeme tu. Hilo neno "umeme tu" liwekeni kichwani, tutarudi nalo.

Bajeti tuliyopitisha:
mashine ya lita 10 kwa dakika, 3,800,000
oksimita (kipimo cha oksijeni mwilini) ya kubana kidole yenye kibanio cha watoto, 450,000
kibao cha kugawa hewa kwa watoto wanne, 600,000
mipira ya puani saizi za watoto, 150,000
usafiri, 200,000
Jumla 5,200,000. Kila mtu akapiga makofi. Angalieni hapo juu hakuna hata shilingi moja ya waya.

25 Februari

Wiki mbili zimeingia 1,140,000. Imeingia wapi? Kwenye namba yangu. Kosa la kwanza na ni langu mimi mwenyewe.

Nilisema niko wakala, ni rahisi, watu watume kwangu tu. Sasa mimi asubuhi natoa hela ya mteja, mchana naweka floti, jioni mchango wa 5,000 wa mama mmoja umeshachanganyika na hela ya kununua vocha. Sijala hata senti, daftari ninalo, lakini Jumatano nilibadilisha bati mbili za kibanda zilizokuwa zinavuja na Alhamisi tayari maneno yako kilabuni kwenye ulanzi, "oksijeni imeshaanza kuezeka." Nilikasirika siku nzima. Halafu nikajiuliza, ningekuwa mimi niko upande wao ningefikiria nini? Ningefikiria hivohivo.

16 Machi

Akaunti ya kikundi imefunguliwa benki. Ilihitaji muhtasari wa kikao wenye sahihi, barua ya mtendaji wa kijiji, namba za NIDA za watia sahihi watatu, picha, na nauli za watu watatu kwenda mjini mara mbili kwasababu mara ya kwanza mzee mwenyekiti alisahau kitambulisho nyumbani. Gharama zote 35,000. Watia sahihi ni mwenyekiti, mama mweka hazina na sista wa wodi, mimi siumo na nimeomba nisiwemo.

Zile 1,140,000 nilizihamisha mbele ya kamati nzima, nikawaonesha ujumbe wa kila muamala mmoja mmoja. Ilichukua saa mbili na nusu. Kama mnaanza, anzeni na akaunti kabla ya kutangaza, hizo wiki tatu za kusubiri benki hakuna mtu aliyechangia na moto ukapoa.

20 Machi

Yametukuta. Mtu ameingia kwenye grupu la wasap kwa ile linki ya kujiunga, akaweka picha ya mwenyekiti kwenye profaili, usiku saa tatu akaandika "ndugu wachangiaji akaunti ina shida ya mtandao, ile hela tumeni kwenye namba hii." Yani ileile ya siku zote! Watu wanaichekea kila siku na watatu wametuma, jumla 85,000. Mmoja ni mwalimu wa hesabu.

Nilipiga simu huduma kwa wateja, hela ilikuwa imeshatolewa. Tulichobadilisha: grupu la michango wanaandika viongozi wawili tu, linki imefutwa, anayetaka kuingia anaongezwa na mtu anayemjua. Na namba ya akaunti tumeibandika kwenye ubao wa kanisa, wa ofisi ya kijiji na kwenye kibanda changu, imeandikwa kwa rangi ya mafuta. Ukutani haibadilishwi usiku.

21 Aprili

Mnada baada ya ibada. Mvua ilinyesha toka alfajiri, nikajua leo hamna kitu, nilikosea. Imepatikana 1,270,000 taslimu na magunia 11 ya viazi.

Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, ameletwa na bibi wa jirani na kisima. Mnunuzi wa kwanza akampata kwa 25,000, akasema namrudisha mezani. Wa pili 30,000, akamrudisha. Baba mmoja anayefanya biashara ya mbao akatoa 70,000 akasema mpelekeeni matroni, matroni akasimama akasema mimi naishi chumba kimoja nitamfuga wapi, akamrudisha, kijana wa bodaboda akamaliza na 40,000. Jogoo mmoja 165,000. Yeye mwenyewe muda wote alikuwa amefungwa miguu chini ya meza anadonoa viatu vya mzee wa kanisa.

14 Mei

Viazi. Ntaandika kwa ufupi maana naona aibu. Magunia 11 yalikaa stoo ya kanisa wiki tatu tukisubiri barabara ikauke na bei ipande. Bei ilishuka. Matatu yalioza na kuota kijani, manane yaliuzwa 38,000 kila moja, 304,000, toa kubeba na gari 64,000, tumebaki na 240,000. Mtu akileta mazao pigeni mnada palepale, hata kwa hasara, aondoke nayo mnunuzi.

16 Juni

Harambee kubwa. Hii ndo sehemu ambayo nataka mtu asome mara mbili.

Tulikodi turubai, viti, spika, MC kutoka mjini, tukapika pilau, ng'ombe nusu, soda. Gharama 890,000. Wageni walikuja, mheshimiwa mmoja alikuja na msafara, akaongea dakika arobaini, akapigwa picha ameshika bahasha. Jumla iliyotangazwa na MC kwa sauti kubwa ni 7,435,000! Watu walicheza. Jioni tukakaa na mama mweka hazina tukafungua bahasha: taslimu 1,085,000, zilizobaki 6,350,000 ni ahadi. Bahasha ya mheshimiwa ilikuwa na karatasi imeandikwa milioni moja kwa mkono mzuri.

Toa gharama. Siku nzima ya shangwe imetuletea 195,000 mkononi. Jogoo na viazi vimeizidi harambee.

30 Juni

Kudai ahadi. Tulijaribu njia ya kwanza, kuweka orodha ya waliobaki kwenye grupu, majina na kiasi. Baada ya dakika kumi watu watatu wametoka kwenye grupu, mmoja wao tulikuja kujua yuko Songea anauguza mke wake. Nilimpigia kumuomba radhi, akapokea, akasema "sawa katibu," akakata. Orodha tuliifuta siku hiyohiyo ila aliyeona ameona.

Njia ya pili ilikuwa kumgawia kila mwanakamati watu nane, unampigia mwenyewe, jioni, unamsalimia kwanza kamwene, unauliza habari za nyumbani, halafu unamwambia anaweza kulipa kidogokidogo. Aliyeahidi 100,000 tunamuuliza atatoa 20,000 lini. Wenye parachichi tumewaacha mpaka wauze, wenye chai mpaka mwisho wa mwezi. Hii ndo imefanya kazi. Hapa kwetu wanasema ahadi ni deni, sawa, ila deni lenyewe linataka mtu wa kulikumbusha kwa heshima bila kipaza sauti.

27 Julai

Mashine kutoka Marekani. Hii imetuuma kuliko viazi.

Mwezi wa tano ndugu zetu walioko Marekani walitwambia wamepata mashine ya oksijeni, imetumika nyumbani kwa mgonjwa, inafanya kazi, wanatupa bure. Nani anakataa bure? Sisi tulitakiwa kugharamia kuitoa Dar na kuileta mpaka huku, ikafika 610,000. Imefika jana, safi kabisa, haina mkwaruzo. Nikaigeuza nyuma kusoma kibandiko: volti 115, hezi 60. Umeme wetu ni 230 kwa hezi 50.

Mimi nikasema hamna shida tunanunua transfoma ya kushusha. 180,000. Tumewasha, inaunguruma kwa sauti nzito hivi, kama gari linapanda mlima na gia kubwa. Fundi wa vifaa tiba alikuja na kipimo chake cha oksijeni akakiunganisha kwenye mpira. Mashine nzuri inatakiwa itoe asilimia 82 na kuendelea, hii kwa lita 4 ilitoa 58. Baada ya nusu saa ubavuni ilikuwa haishikiki kwa joto.

Alichotueleza ni hiki. Transfoma inashusha volti lakini hezi haigusi. Mota iliyotengenezwa kuzunguka kwa hezi 60 ikipewa 50 inazunguka taratibu, kompresa haisukumi hewa ya kutosha, na mota inachemka. Juu ya hapo sisi tuko zaidi ya mita 2,000 hewa yenyewe ni nyepesi, na zile chembechembe ndani zinazochuja naitrojeni zimeshachoka au zimeingia unyevu safarini. Akaizima, akachomoa waya, akaandika kwenye kikaratasi USITUMIE KWA MGONJWA.

790,000 zimeenda. Hawa ndugu zetu walitoa kwa moyo na hatujawalaumu, kosa ni letu, hatukuomba picha ya kibandiko. Sasa hivi mtu akisema ana kifaa anatupa tunamjibu asante sana, tuma kwanza picha ya nyuma.

10 Agosti

Hesabu tuliyoisoma kanisani na kubandika ukutani.

Yaliyoingia: mwanzo kwenye namba yangu 1,140,000. Akaunti, mmojammoja, Machi mpaka Julai 920,000. Mnada 1,270,000. Viazi 240,000. Harambee taslimu 1,085,000. Ahadi zilizolipwa mpaka leo 2,460,000. Jumla 7,115,000.

Yaliyotoka: akaunti 35,000, harambee 890,000, mashine ya Marekani na transfoma 790,000. Jumla 1,715,000.

Benki ipo 5,400,000.

Mwenyekiti alitaka ile 790,000 tuiandike "gharama za vifaa" ili watu wasichukie. Mama mweka hazina akasema baba, watoto wetu wote wameiona ile mashine ikiletwa kwenye pikapu, tutaandika vifaa gani? Ikaandikwa kama ilivyo. Kanisani hakuna aliyepiga kelele, mzee mmoja tu aliuliza kama inaweza kugeuzwa friji.

24 Agosti

Tumechukua proforma tatu, 3,250,000, 3,900,000 na 4,600,000. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema tuchukue ya bei ya chini tubaki na chenji. Fundi akatwambia tuombe kwanza kitabu cha mashine, tukurasa tuwili tu, ule wa umeme na ule wa mwinuko. Ya bei ya chini mtengenezaji mwenyewe kaandika mwisho mita 1,500. Kwetu ingefanya kazi kwa kubahatisha. Ya kati inafika mita 3,000 na zaidi, imesajiliwa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, warantii miaka miwili, na muuzaji ana fundi wake Mbeya na filta anazo dukani. Hilo la filta tuliuliza kwa simu bila kusema sisi ni nani, kama wateja wa kawaida, na akatutajia bei palepale.

Ununuzi wote: mashine 3,900,000, oksimita 420,000, kibao cha kugawa 560,000, mipira 140,000, basi mpaka Makambako na gari mpaka huku 95,000. Jumla 5,115,000. Zimebaki 285,000 na tulijiona wajanja sana.

6 Septemba

Imefika jana, leo mchana tumeiwasha. Fundi amepima, asilimia 93. Manesi wamefundishwa. Mchungaji ameomba. Mganga mfawidhi amesaini hati ya kupokea na imeingizwa kwenye daftari la mali la hospitali, msiache hili, isije baadae mtu akasema ilikuwa ya kwake.

Saa moja na robo jioni ikaanza kulia. Piiii moja ndefu, taa nyekundu. Tukaizima tukaiwasha, inakaa dakika mbili inalia tena. Wodini alikuwepo mtoto mmoja anayehitaji hewa, nesi akamrudisha kwenye mtungi akiwa anamulikia saa ya mtungi kwa tochi ya simu, hakusema kitu ila alinitazama.

Nikaenda kibandani kuchukua mita yangu ya kupimia umeme. Kwenye soketi ya wodi: volti 168.

Ni jioni, mashine mbili za kusaga zinafanya kazi, karakana ya mbao inapasua, kila nyumba imewasha taa na pasi, na sisi tuko mwisho kabisa wa laini. Miezi ile ya mgao tulilia umeme haupo, na tulipofurahi kusikia mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umewashwa mwezi wa pili hatukuwaza kwamba umeme unaweza kuwepo na bado usitoshe. Balbu inawaka hafifu unazoea, unasema ndo umeme wetu. Mashine haizoei.

9 Septemba

Nilinunua stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, haraka bila kumuuliza fundi, ya 180,000, zile za friji na tivii. Kosa la pili langu binafsi. Mashine ya lita 10 inakula kama wati 600 ikishatulia lakini ikianza kuwaka inavuta zaidi kwa sekunde kadhaa. Na ile stebilaiza ukisoma ubavuni inapokea kuanzia volti 180. Kwetu jioni ni 168. Kwahiyo muda inapohitajika ndo muda inapokata.

Fundi, akiwa mpole kuliko nilivyostahili, alisema inatakiwa ya 5 kVA inayopokea kuanzia volti 130 au 140, laini ya peke yake kutoka mita kuu kwa waya mnene maana soketi ya wodi inagawana waya na birika la manesi na pasi, na athi mpya, ile ya kupeleka umeme ardhini, maana iliyopo ni fimbo yenye kutu isiyofika hata mahali penye unyevu. Stebilaiza 520,000, waya na athi na kazi 230,000. Jumla 750,000.

Tulikuwa na 285,000, nimechoma 180,000, ikabaki 105,000. Stebilaiza yangu ya friji nimeiuza kwa mwenye bucha 110,000. Tuna 215,000, tunapungukiwa 535,000.

Kwenye kamati mtu akasema tuite harambee ndogo. Mama mweka hazina alimwangalia tu.

18 Septemba

Zimepatikana 571,000 kwa siku tisa na hatujapika hata chai.

Nilichofanya ni kupiga picha mbili, ya mita yangu mchana inasoma 221 na ya jioni inasoma 168, nyuma yake inaonekana ile mashine mpya imezimwa. Nikaandika chini: mashine mliyonunua hii hapa, hii ndo inaizuia, imebaki 535,000. Basi. Kila jioni nikawa naweka picha ya mita na kiasi kilichobaki. Siku ya nne mwenye mashine ya kusaga akaja mwenyewe kibandani kwangu, akatoa 100,000 akasema "hiyo namba kumbe mimi ndo naishusha," nikamwambia sio wewe peke yako kaka. Na wawili kati ya wale watatu waliotoka kwenye grupu wametuma. Sijui kwanini picha ya mita imeshinda pilau na spika, labda ni kwasababu mtu anaona kabisa 5,000 yake inaenda kwenye kitu gani na kimebaki kiasi gani.

22 Septemba

Waya umevutwa, athi imepigwa, stebilaiza imefungwa ukutani. Saa moja jioni kwenye soketi ya mtaa 165, kwenye soketi ya mashine 226. Haijalia mpaka nalala. Akaunti ina 36,000.

Kuhusu umeme ukikatika kabisa. Wengi wameniuliza kwanini hatukuweka betri na inveta. Pigeni hesabu: wati 600 kwa saa 8 za usiku ni uniti 4.8. Betri moja ya ampea-saa 200 za volti 12 ina uniti 2.4 ikiwa mpya, na zile za asidi ukitaka zidumu usizitumie zaidi ya nusu. Unahitaji betri nne kwa usiku mmoja. Bei yake tumeiona, tumeiacha. Tumebaki na mtungi kama akiba, umesimama umefungwa mnyororo pembeni ya mashine na mpira wake tayari, kazi ya nesi ni kuhamisha tu. Jenereta ya hospitali inawashwa kama kuna upasuaji, mafuta hayaruhusu zaidi.

29 Septemba

Jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote: jiko la mkaa.

Kwetu baridi inauma mpaka mwezi wa tisa usiku, na kina mama wana desturi ya kuingiza jiko wodini, wanaliweka chini ya kitanda wakishaona nesi amepita. Sista alilikuta saa nane usiku hatua mbili kutoka kwenye mtoto mwenye mpira wa oksijeni puani. Oksijeni yenyewe haiwaki ila inafanya kinachowaka kiwake kama wazimu, shuka, nywele, mpira wenyewe. Na gesi ya mkaa ni sumu ya pili, matroni anasema mtoto akiivuta oksimita inaweza kukudanganya isome vizuri wakati hali ni mbaya.

Siku ya kwanza tulibandika tangazo la marufuku. Usiku ule majiko yalikuwa mawili. Mama mmoja akamwambia matroni bila jazba, "sista, nyie mnalala na blanketi." Hapo hakuna cha kujibu. Kikundi cha akina mama wa kanisa wamekusanya mablanketi 17, mengine yana viraka ila mazito, na wodi ina utaratibu wa kumpa kila mama moja anapolazwa na kulirudisha anapotoka. Majiko yamehamia jikoni kwa wagonjwa. Mablanketi mawili hayajarudi mpaka leo, tumeona ni sawa.

20 Oktoba

Mashine ina kisaa chake kinachohesabu muda ilipofanya kazi, leo kinasoma 412. Mtungi umepelekwa kujazwa mara moja toka ilipofungwa vizuri, zamani ilikuwa karibu kila wiki.

Juzi nilikuwepo wodini nabadilisha plagi. Aliletwa mtoto wa miezi minane, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, bibi yake amembeba mgongoni kutoka kijiji cha bondeni. Oksimita ikasoma 84, wakamuwekea mpira. Bibi akakaa macho kwenye kile kioo kidogo. 86. 88. 91. Kila namba ikipanda naona anashika fundo la kanga yake, lile wanalofungia hela. Ilipofika 94 akaniita kwa sauti ya chini, "baba, wewe fundi, waambie wazime, inatosha, hizo elfu tisini na nne mimi sina."

Nilimwambia bibi hiyo sio bili, hiyo ni hewa ya mjukuu. Akaniangalia kama namdanganya. Nesi akaja akarudia. Akauliza, "kwahiyo ikipanda ni vizuri?" Ni vizuri. Akafungua lile fundo, akatoa ugoro.

16 Novemba

Ukaguzi wa mwezi uliopita. Filta ya nje inatakiwa ioshwe kila wiki, ikiziba vumbi hewa haipiti na kiwango cha oksijeni kinashuka polepole bila mtu kujua. Daftari la kuoshea lilikuwa tupu wiki mbili. Filta niliikuta ya kijivu, ina utando kama sufi. Manesi wanasema waliosha moja ila kalamu haikuwepo ya kuandikia. Tumefunga kalamu kwa uzi kwenye daftari, ikaibwa siku ya tatu, uzi ukabaki. Tukafunga nyingine, ikaibwa na uzi wake. Sasa hivi imefungwa kwa kipande cha mpira wa oksijeni uliokwisha muda na kugongelewa msumari, ina siku kumi na moja ipo.

Ahadi zimelipwa nyingine 310,000, tumezitenga kwa filta za ndani na sevisi ya mwaka, kwahiyo akaunti ina 346,000. Mheshimiwa tumempigia mara sita, wiki hii katibu wake alisema yuko kwenye maandalizi ya uchaguzi wa serikali za mitaa, tumpigie baada ya tarehe 27. Nimeandika kwenye kalenda.

Ile ya Marekani iko stoo na kikaratasi chake. Fundi ameomba magurudumu manne ya chini ayafunge kwenye stendi ya dripu, kamati imekubali.